1000000007, 998244353, 2^31−1 au 2^61−1: namba tasa ipi uiweke kwenye kodi ya programu yako

Swali hili naletewa sana na vijana wanaoanza mashindano ya programu, na hata na watu ambao tayari wana kazi zao za kuandika mifumo: kaka, hii 1000000007 naiona kila mahali, ni lazima nitumie hiyohiyo? Si lazima. Zipo namba tasa nne ambazo utakutana nazo tena na tena, kila moja ina tabia zake, na ukichukua isiyofaa kwa kazi yako utapata kodi inayoburuza au, mbaya zaidi, kodi inayotoa jibu la uongo bila kukwambia kitu.

Kwanza tuelewane kwa nini tunataka namba tasa na sio namba yoyote tu kubwa. Chukua modulo 10 (yaani kila jibu unaligawanya kwa 10 na kubaki na baki tu), afu tafuta namba ambayo ukiizidisha na 2 unabaki na 1. Utapata 2, 4, 6, 8, 0 na inarudia hapohapo, 1 haitokei kamwe, maana yake kwenye modulo 10 huwezi kugawanya kwa 2. Sasa chukua modulo 7: 2 mara 4 ni 8, baki 1, kwahiyo 4 ndo inafanya kazi ya nusu. Modulo ikiwa tasa, kila namba isipokuwa sifuri ina mwenzake wa namna hiyo, na unampata kwa kupandisha namba yako kwenye kipeo cha p kutoa 2 (p ni ile namba tasa yenyewe). Hapo ndo unaweza kugawanya, kukokotoa michanganyo, uwezekano, kila kitu, bila desimali hata moja. Zote nne zinakupa hilo, kwahiyo hapo hazitofautiani.

Zinapotofautiana ni kwa majirani zao. Hili ndo jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema: usiitazame namba tasa peke yake, tazama p kutoa 1 na p kujumlisha 1. Wao sio tasa, wanavunjika vipandevipande, na vile vipande vyao ndo vinaamua namba yako itakuwa na haraka kiasi gani, itakubali algorithimu gani na itakuangusha wapi.

Vigezo nitakavyotumia

Nitazipima zote kwa mambo yaleyale matano. Kuenea: je, ukijumlisha mbili au ukizidisha mbili, jibu linaenea kwenye inti ya biti 32 au 64 au linafurika? Kuchukua baki: operesheni ya baki ni ghali kwenye mashine, kuna njia ya mkato? Majirani: p−1 na p+1 zinavunjika vipi na inakupa nini. Mgongano: ukiitumia kwenye heshi (kugeuza neno kuwa namba moja, kwa kuzidisha thamani za herufi zake na vipeo vya namba iitwayo besi, afu kuchukua baki), vitu viwili tofauti vitapata namba moja mara ngapi. Mwisho, inamfaa nani.

Kwenye mgongano nitatumia hesabu moja kwa zote ili iwe haki: maneno 100,000 tofauti, mafupi mafupi, yenye heshi moja. Jozi zilizopo ni 100,000 mara 99,999 gawanya kwa 2, yaani kama bilioni 5. Gawanya hizo jozi kwa p, unapata idadi ya migongano ya kutegemea. Watu wengi wanasahau hapa, wanafikiri p ikiwa bilioni 1 na maneno ni laki 1 tu basi kuna nafasi tele, kumbe wanaogongana ni jozi, na jozi ni nyingi kuliko maneno kwa mbali sana.

1000000007

Kuenea. Hapa ni raha. Ni namba tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu 10, na iko chini ya 2^30, kwahiyo ukijumlisha mbili unapata isiyozidi 2000000012 ambayo inaenea kwenye inti ya biti 32 yenye hasi. Ukizidisha mbili unapata kama 10^18, na biti 64 zenye hasi zinafika mpaka kama 9.22 mara 10^18, maana yake unaweza kurundika mizidisho 9 mizima kabla hujachukua baki hata mara moja. Kwenye kuzidisha matrisi hiyo inasaidia sana.

Kuchukua baki. Haina njia ya mkato ya pekee. Cha muhimu iandike kama konstanti, kompaila yenyewe itageuza kugawanya kuwa kuzidisha. Ukiisoma kama variabo ya kawaida wakati programu inakimbia, unakosa hiyo faida.

Majirani. Hapa ndo uzuri wake uliojificha. p−1 ni 2 mara 500000003, na 500000003 nayo ni tasa! Kwahiyo ukichukua besi yoyote isipokuwa 1 na hasi moja, ukaipandisha vipeo moja baada ya kingine, hairudi kwenye 1 mpaka upite angalau vipeo 500000003. Hakuna besi zenye mzunguko mfupi, hazipo kabisa. Kwa mtu wa heshi hiyo ni amani ya moyo. Lakini upande wa pili, hiyo 2 moja tu ndani ya p−1 inamaanisha FFT ya namba nzima (mbinu ya haraka ya kuzidisha polinomia kwa baki tupu) haikubali hapa, maana inataka p−1 iwe na 2 nyingi. Vipeuo vya pili ni rahisi, maana ukigawanya p kwa 4 unabaki na 3: kama namba a ina kipeuo, kipeuo chake ni a kwenye kipeo cha 250000002, basi.

Mgongano. Kwa maneno laki 1 tegemea migongano kama 5. Sio nadharia, niliwahi kutengeneza maneno laki moja ya herufi nane nane, nikayaheshi, nikapanga zile heshi kwa mfuatano na kutafuta zinazofanana zilizokaa pamoja. Zikatoka jozi sita. Maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza, namba moja. Dawa ya wengi ni kuiunganisha na 1000000009, ambayo nayo ni tasa (hizi mbili ni mapacha, zimepishana kwa 2 tu), unaweka heshi mbili kwa kila neno na nafasi inakuwa kama 10^18.

Inamfaa nani. Anayehesabu njia, michanganyo, DP (kutatua swali kubwa kwa kuhifadhi majibu ya madogo), na anayetaka namba inayosomeka kwa macho. Hilo la mwisho sio dogo: wakati wa kudibagi ukiona 500000004 unajua moja kwa moja ni nusu, ukiona 333333336 ni theluthi. Ukizizoea unasoma majibu kama sehemu za kawaida.

998244353

Kuenea. Karibu sawa na iliyopita, iko chini ya bilioni, jumla ya mbili na mzidisho wa mbili vyote vinaenea palepale.

Kuchukua baki. Vilevile, konstanti na kompaila. Wanaotaka kasi zaidi wanatumia mbinu ya Montgomery, ila inafanya kazi kwa namba yoyote witiri, sio zawadi ya hii peke yake.

Majirani. Hii sasa. p−1 ni 119 mara 2^23, na 119 ni 7 mara 17. Hizo 2 ishirini na tatu ndo sababu namba hii, ambayo kwa sura inaonekana kama mtu kabonyeza vitufe ovyo, imekuwa maarufu kwenye AtCoder na Codeforces, tovuti za mashindano ya programu. Maana yake ndani ya modulo hii kuna namba ambazo zinazunguka kwa hatua 2, 4, 8, 16, mpaka 8388608 kamili, na huo mzunguko ndo FFT inaoutaka. Kwenye FFT ya kawaida unatumia sini na kosini na desimali zinapoteza usahihi, hapa unatumia baki tupu, jibu ni kamili mpaka tarakimu ya mwisho. Besi ya kuanzia ni 3, inazalisha baki zote.

Nipe nafasi nikuonyeshe ukubwa wa faida. Una polinomia mbili, kila moja ina vihesabio (namba zinazozidisha vipeo vya x) laki 5, unataka kuzizidisha. Kwa njia ya shule ni laki 5 mara laki 5, yaani mizidisho bilioni 250. Kwa FFT ya namba nzima jibu lina vihesabio karibu milioni 1, unachukua saizi ya 2^20, unafanya mageuzi matatu, kila moja ina hatua kama milioni 10 na nusu, jumla kama milioni 31. Kutoka bilioni 250 mpaka milioni 31. Mi mara ya kwanza kuikimbiza nilirudia mara tatu nikidhani imekatika katikati.

Jirani huyohuyo ana gharama. Kwa sababu p−1 inagawanyika kwa 4, hasi moja ina kipeuo cha pili hapa: 86583718 ikizidishwa yenyewe inatoa 998244352. Inapendeza kuiona, lakini ndo inafanya kutafuta vipeuo kuwe kazi ndefu, ule mkato wa kipeo kimoja haupo, inabidi utumie algorithimu ya Tonelli na Shanks na yenyewe inapanda ngazi mpaka 23.

Mgongano. Migongano kama 5, sawa na ya kwanza. Na kuna besi zenye mizunguko mifupi kama hizo nilizotaja, kwahiyo besi ichague kwa randomu, usiikariri kutoka kwa mtu.

Inamfaa nani. Yeyote ambaye kuna polinomia mahali kwenye swali lake, au anahisi itakuja. Nusu hapa ni 499122177 na theluthi ni 332748118, hazikai kichwani kirahisi, utazoea taratibu.

2^31−1, yaani 2147483647

Hii ni ya familia ya Mersenne, yaani namba tasa za umbo la 2^n kutoa 1. Mwanahisabati Euler alithibitisha kuwa ni tasa mwaka 1772, kwa mkono. Hakujaribu vigawo vyote, alionyesha kwanza kwamba kigawo chochote kingekuwepo lazima kikigawanywa kwa 248 kibaki 1 au 63, afu akajaribu wa namna hiyo tu. Ukitaka kuonja kazi yake andika lupu ya mistari mitano inayopita 249, 311, 497, 559 na kuendelea mpaka 46340, utaona jinsi orodha ilivyopungua.

Kuenea. Hapa pana mtego. Namba yenyewe ndo inti kubwa kuliko zote ya biti 32 yenye hasi, kwahiyo ukijumlisha mbili kwenye inti ya kawaida inafurika na kuwa hasi. Tumia isiyo na hasi, jumla ya mbili inaenea kwa tabu lakini inaenea, au nenda biti 64 moja kwa moja. Na kama kodi yako inatumia inti kubwa kabisa kama alama ya "hakuna kitu", angalia isije ikachanganyikana na p.

Kuchukua baki. Hapa ndo inazishinda mbili za juu. Unakumbuka shuleni ukitaka kujua namba inagawanyika kwa 9 unajumlisha tarakimu zake? Inafanya kazi kwa sababu 9 ni 10 kutoa 1. Basi 2147483647 ni 2^31 kutoa 1, kwahiyo "tarakimu" zako ni vipande vya biti 31, unavijumlisha tu:

x = (x & p) + (x >> 31); if (x >= p) x -= p;

Hakuna kugawanya popote. Ukizidisha namba mbili zilizo chini ya p, mstari huo mmoja unatosha kuirudisha, hauhitaji kurudia.

Majirani. p+1 ni 2^31 tupu, p−1 ni 2 · 3² · 7 · 11 · 31 · 151 · 331. FFT ya kawaida haikubali, kwa sababu p−1 ina 2 moja. Lakini yule jirani wa juu mwenye 2 thelathini na moja hakupotea bure: watu wa kriptografia wa upande wa STARK (mfumo wa kuthibitisha kwamba hesabu imefanywa sawa) walitoa mwaka 2024 njia ya kufanya FFT kwenye duara, yaani kwenye nukta za x² + y² = 1 ndani ya modulo hii, na nukta hizo ziko 2^31 hasa. Vipeuo vya pili ni vyepesi ajabu: unaizidisha namba yenyewe kwa yenyewe mara 29 mfululizo, imeisha.

Mgongano. Kama 2 kwa maneno laki moja. Nafuu kidogo, bado haitoshi peke yake.

Inamfaa nani. Mwenye mashine ndogo, kifaa cha biti 32, au anayehitaji baki nyingi mno kwa sekunde na kila operesheni anaihesabu. Vilevile jenereta za namba za randomu za mtindo wa zamani: ile maarufu ya Park na Miller ya 1988 inazidisha kwa 16807 modulo namba hii, na 16807 ni 7 kwenye kipeo cha 5.

2^61−1, yaani 2305843009213693951

Mersenne mwenyewe, mtawa ambaye familia hii ina jina lake, kwenye orodha yake ya vipeo ya 1644 aliikosa hii. Aliweka 67 lakini 61 hakuiweka, na 2^67−1 wala sio tasa. Padri mmoja wa Urusi, Ivan Pervushin, ndo alionyesha mwaka 1883 kwamba 2^61−1 ni tasa. Tarakimu 19, bila kompyuta.

Kuenea. Jumla ya mbili haina shida kwenye biti 64. Mzidisho unafika biti 122, kwahiyo unahitaji aina ya biti 128, kwenye C++ ya GCC ipo, kwenye Java kuna Math.multiplyHigh tangu toleo la 9, kwenye Python hujali kabisa.

Kuchukua baki. Mbinu ileile ya kujumlisha vipande, ila sasa vya biti 61.

Majirani. p+1 ni 2^61, p−1 inavunjika kuwa vigawo vidogo vidogo ambavyo kikubwa kuliko vyote ni 1321. FFT ya kawaida hapana. Vipeuo vya pili ni kuizidisha yenyewe mara 59.

Mgongano. Hapa ndo nyumbani kwake. Kwa maneno yaleyale laki moja, migongano ya kutegemea ni kama 2 kwa bilioni. Kwa heshi moja tu! Ndo maana Python kwenye mashine za biti 64 inaitumia hii hii kuheshi namba. Fungua Python sasa hivi uandike hash(2**61-1), itakupa 0, na hash(2**61) itakupa 1.

Lakini nisikilize hapa maana iliwahi kunipotezea siku nzima. Nilikuwa nalinganisha mistari mirefu ya maandishi, nikachagua besi 256 kwa sababu herufi ni baiti na baiti ina thamani 256, inaonekana ndo akili. Mistari miwili ambayo niliiona kwa macho kwamba ni tofauti ikatoa heshi moja. Nilihangaika na kodi ya kulinganisha, nikaandika upya ya kuzidisha, hamna kitu. Mwishowe nikahesabu nafasi za zile herufi zilizobadilishana: zilikuwa zimepishana kwa 61 kamili. Ndipo nikaona. 2^61 modulo namba hii ni 1, na 256 ni 2^8, kwahiyo 256 kwenye kipeo cha 61 ni 1, besi yangu ilikuwa inarudi mwanzo kila baada ya herufi 61! Badilishanisha nafasi za herufi mbili zilizopishana 61, heshi haiguswi. Kwenye 2^31−1 ni vivyohivyo, kila baada ya 31. Kwahiyo kwenye hizi za Mersenne, kamwe usitumie 2 wala kipeo chochote cha 2 kama besi. Chagua besi kubwa ya randomu programu inapoanza, hiyo pia inakukinga na mtu anayetengeneza data ya kukuangusha makusudi.

Inamfaa nani. Mtu wa heshi za maandishi, data nyingi, na anayetaka heshi moja badala ya mbili.

Na ile kubwa kuliko zote zinazojulikana?

Wapo wanaoniuliza mbona nisichukue kubwa kabisa. Iliyopatikana Oktoba 2024 na Luke Durant kupitia GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kubwa, ni 2^136279841−1, ina tarakimu 41,024,320. Kuihifadhi tu ni kama megabaiti 17 kwa namba moja, na kila baki itakuwa na ukubwa huohuo. Iheshimu, usiiweke kwenye kodi.

Na kuacha namba tasa kabisa, kuacha biti 64 zifurike zenyewe kama modulo 2^64? Ni haraka kweli, lakini kuna mfuatano wa Thue na Morse, herufi mbili tu, ambao ukiwa na urefu wa 2048 unaangusha heshi hiyo kwa besi yoyote ile utakayochagua. Usithubutu.

Jambo lingine, hakuna hata moja kati ya nne inayofaa kulinda siri kwa peke yake. Tatu za kwanza zina biti 30 au 31, na 2^61−1 ingawa ni kubwa ina p−1 iliyovunjika vipande vidogo, kwahiyo kutafuta kipeo kilichofichwa ni kazi ya dakika chache. Kwa siri tumia maktaba iliyopimwa. Zile nyingi zinazotumia Curve25519 (mbinu mojawapo ya kriptografia) zina namba tasa 2^255−19 ndani yake, yenye tarakimu 77.

Sasa uchague vipi

Kama swali limekutajia modulo, tumia hiyo, afu kabla hujaandika mstari wa kwanza vunja p−1. Ukikuta 998244353 jiulize kama aliyetunga anakuelekeza kwenye polinomia, japo siku hizi wengine wanaiweka kwa mazoea tu.

Kama unachagua mwenyewe na kazi ni DP au michanganyo isiyo na polinomia, 1000000007 itakutunza vizuri, hasa ukiwa bado unajifunza na unadibagi sana kwa macho. Ikitokea baadaye unahitaji kuzidisha polinomia na umefungwa na 1000000007, kuna njia: fanya mara tatu kwa 998244353, 167772161 na 469762049 afu unganisha kwa nadharia ya baki ya Wachina. Ni kazi mara tatu, lakini inatoka.

Kama ni heshi na lugha yako ina biti 128 au Python, 2^61−1 na besi ya randomu. Kama lugha haina biti 128, basi heshi mbili za 1000000007 na 1000000009, nafasi inakaribiana.

Kama ni kifaa kidogo cha biti 32, 2^31−1 na ule mstari mmoja wa kujumlisha vipande, ila maneno yakiwa mengi linganisha maandishi yenyewe kila heshi zinapofanana.

Na kama unaandika JavaScript, angalia sana: namba zake za kawaida ni sahihi mpaka 9007199254740991 tu, kwahiyo hata 1000000007 ukizidisha mbili umeshapita na haitakuonya. Tumia BigInt, au kama kasi inakubana chukua namba tasa iliyo chini ya milioni 94 na uhesabu upya jozi zako kabla hujaiamini.